Jibu Nililompa Binti Yule

Mwanafunzi wangu wa kidato cha nne hapa Machochwe aliniuliza kama moshi wa zebaki unaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Nilimjibu kwamba hauwezi. Nikasema urithi wa mtoto hukamilika mimba inapotungwa, na kondo la nyuma humkinga. Nikaendelea na mada.

Nilikosea, tena kwa jambo nililolifundisha mwenyewe. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia, na mvuke wake hauna harufu wala rangi. Ukivutwa huingia kwenye damu, na kondo la nyuma haliuzuii. Kila mwaka nilifundisha habari za Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956: akina mama walioonekana wazima walijifungua watoto wenye ubongo ulioharibika, kwa sababu ya samaki wenye zebaki. Niliyafundisha hayo kama maswali ya mtihani, huku vijana wetu wakirudi kutoka machimbo ya Nyamongo kuchomea majumbani dhahabu iliyoshikana na zebaki.

Kuhusu urithi, sikujua kwamba jeni inaweza kuwepo na isifanye kazi. Mwili hubandika vikundi vidogo vya kemikali, methili, juu ya DNA, navyo husaidia kuamua jeni ipi itumike na ipi inyamaze. Mtama umo ghalani, ila mlango umefungwa. Milango mingi hupangwa mtoto akiwa tumboni. Tafiti za akina mama na watoto wao zimeonyesha uhusiano kati ya zebaki mwilini mwa mama na mpangilio wa methili katika damu ya kitovu. Hazitabiri hatima ya mtoto mmoja, nami sitaki kumtisha mzazi yeyote.

Dada wa binti yule alikuwa mjamzito, na mumewe alichomea dhahabu jikoni. Nilipojua, nilikwenda kwao nikakiri kwamba nilimpotosha mdogo wao. Mume akaniuliza, "Mwalimu, nikichomea nje nani atanilindia dhahabu?" Ni hofu ya kweli. Nikamweleza kuhusu retoti, chombo cha chuma kinachonasa mvuke ili zebaki itumike tena. Akataka kuiona, sikuwa nayo. Tukakubaliana achomee nyuma ya zizi, mbali na mkewe na watoto.

Lakini tangu swali lile ulikuwa umepita muhula mzima, na muhula wote dada yule alipika jikoni mle.