Rangi Ingoje, Breki Kwanza

Mtu yeyote akipita kwetu Kiamunyi, hapa Nakuru, akaona Pijo 504 imeinuliwa juu ya vyuma nyuma ya nyumba, swali la kwanza huwa ni lile lile: "Utaipiga rangi gani?" Haulizi kama ina injini. Haulizi kama inaweza kusimama. Rangi tu. Wasee wa rika langu wakiongeza swali la pili, ni la rimu. Na mimi naishi kwa kutengeneza video, kwa hivyo naelewa. Rangi mpya inaonekana vizuri kwa simu. Bomba jipya la breki, nani atalitazama?

Lakini maoni yangu ni haya. Ukitaka kurudisha gari ya zamani barabarani, pesa yako ya kwanza iende pale ambapo hakuna mtu atapiga picha. Rangi iwe kazi ya mwisho kabisa. Nitakwambia kwa nini, na pia nitakwambia msimamo huo umetugharimu nini nyumbani, maana haukuja bure.

Tuanze na gari yenyewe. Peugeot 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, na ikatajwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa 1969. Lakini muulize mzee yeyote huku Rift Valley, hatakwambia habari ya Ulaya. Kwake ni Pijo, gari ya nyumbani. Zilikuwa zinaunganishwa hapa hapa Kenya. Ove Andersson alishinda Safari Rally na 504 mwaka wa 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda tena na 504 ya milango miwili mwaka wa 1978. Kabla ya hapo dada yake mkubwa, 404, alikuwa amechukua 1963, 1966, 1967 na 1968. Matope yetu, vumbi letu, mawe yetu. Gari iliyopita hapo ilikuwa na haki ya kuitwa ngumu.

Yetu ni ile ndefu, steshenwageni ya safu tatu za viti, iliyokuwa matatu ya safari za mbali kabla ya nissan kujaa barabarani. Guka aliiendesha Nakuru na Nairobi kwa miaka mingi. Namba yake bado ni ya zamani, kabla ya zile za KAA. Ilipolala mara ya mwisho mimi nilikuwa darasa la tatu, na kuku wakaihamia. Mwaka jana mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuja akataka kuibeba kwa bei ya kilo. Mathe alikuwa tayari kuiuza, na simlaumu. Guka hakusema neno. Aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Hapo ndipo nikaomba nipewe mwaka mmoja.

Mjue pia ni nani aliomba. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipotushinda na dada yangu mdogo alikuwa anaingia sekondari. Kwa hivyo jirani akiniona na spana mkononi, anaona kijana aliyetoka kwa vitabu akaja kuchezea vyuma. Video yenye rangi inayong'aa ingewanyamazisha wengi haraka sana. Hilo nalijua.

Kazi ilianza chini. Tulitoa viti, mazulia na mavi ya kuku, gunia mbili. Umri wa gari hauko kwa logibuku pekee, uko chini ya zulia. Upande wa dereva sakafu ilikuwa na shimo la kuingiza mkono mzima. Ule ukingo wa bati ulio chini ya milango, ukiudunga na bisibisi unaingia kama mkate. Sasa sikiza vizuri: 504 haina fremu ya peke yake chini kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Ukingo ule ukioza, gari imevunjika mgongo hata kama juu imepakwa rangi ya dhahabu. Fundi wa haraka atakujazia fila, apige msasa, apake rangi, na utapendeza mpaka siku ya kugongwa. Sisi tulikata mpaka tukafika kwa chuma kizima, kisha tukachomelea bati jipya. Kabla ya kuchomelea, betri ilitolewa na tangi la mafuta likashushwa. Hilo si la kujadiliana.

Na jambo lingine kwa wale mnaofanya kazi nyumbani kama mimi: jeki ni ya kuinua tu. Usiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma kwenye ardhi ngumu, uitikise gari, ndiyo uingie.

Baada ya mifupa, breki. Mbele kuna diski, nyuma kwa hii ndefu kuna drami. Laini za breki za miaka ile nyingi zilikuwa na asbesto, kwa hivyo usipulize lile vumbi na hewa ya kompresa. Lilowanishe, lipanguse, utupe kitambaa. Silinda za nyuma zilikuwa zimekwama kabisa. Mabomba ya chuma yalikuwa na kutu, na mipira ilikuwa imepasuka. Mafuta ya breki nayo yana tabia moja ambayo watu wengi hawaijui: yanavuta unyevu kutoka hewani. Yakikaa miaka, yanajaa maji. Ukishuka mteremko mrefu breki zikipata moto, maji yale yanachemka, mvuke unaingia kwenye mabomba, na unakanyaga pedeli inafika chini bila kitu. Tulibadilisha vyote, mbele hadi nyuma. Kisha tukabadilisha mipira yote ya petroli, maana petroli ikidondoka juu ya injini yenye moto, gari yako itakuwa kwenye habari.

Sasa tuje kwa mjadala mkubwa. Kuboresha. Fundi wetu ni mzee wa jua kali, mikono yake imeshika Pijo nyingi kuliko miaka yangu. Siku moja akaniambia, "Kijana, hii injini itakusumbua. Tafuta ya Toyota na giaboksi yake, tufunge, umalizane na haya mambo." Kwa spea na kwa mafuta, hoja yake ina uzito. Nikamwuliza, "Na ile shafti, mzee?" Akacheka, kwa sababu alijua naelekea wapi.

Kwenye 504, shafti inayopeleka nguvu nyuma inazunguka ndani ya bomba refu la chuma, na bomba hilo limefungwa imara kati ya giaboksi na difu. Kwa hii yetu ndefu, yenye ekseli moja nzima nyuma na springi nne, bomba lile pia linasaidia kuishika ekseli isijikunje ukikanyaga mafuta. Ukiweka giaboksi ya gari nyingine, lazima ulikate. Ukilikata, lazima ubuni njia nyingine ya kuishika ekseli, na hiyo ni hesabu ya watu wenye vipimo, haifanywi kwa kukadiria na macho nyuma ya nyumba.

Halafu injini yenyewe ilitengenezwa ifufuliwe. Pistoni zinatembea ndani ya slivu zinazochomoka, zilizozungukwa na maji. Zikiisha, unachomoa, unaweka slivu na pistoni mpya, bloku inabaki ile ile. Adui yake ni joto, kwa sababu silinda hedi ni ya alumini na ikichemka inajipinda. Adui mwingine ni maji ya mtaroni yanayoleta kutu huko ndani. Weka kulanti sahihi na redieta safi, itakuheshimu.

Hiyo haimaanishi napinga kila kitu kipya. Pointi za zamani za kuwasha tumezitoa, tukaweka kifaa cha elektroniki ndani ya distribyuta ile ile. Ukitaka za zamani, unarudisha kwa nusu saa. Taa za mbele tumezipa rilei, ili umeme mkubwa usipite kwenye swichi nzee na kuiyeyusha. Na viti vyote vya nyuma sasa vina mikanda, imefungwa kwenye vipande vya chuma tulivyochomelea kuimarisha bodi. Kipimo changu ni hiki: badilisha kile kinachoweza kurudishwa, au kile kinachookoa mtu. Kile kingine, kiache kiwe Pijo.

Sasa bei ya msimamo. Mwezi wa tatu wa kazi, injini ilikuwa inaunguruma vizuri, na nikaweka klipu fupi. Jamaa mmoja wa mtaa akanitafuta. Alikuwa anaoa Subukia baada ya wiki tatu, na alitaka bibi harusi aje na Pijo nyeupe yenye maua. Shilingi 20,000. Rangi angelipa yeye. Breki za nyuma zilikuwa bado mezani.

Kama unaijua ile barabara, ukitoka Bahati unashuka bondeni kona baada ya kona. Nikamwambia hapana. Akaongeza 5,000. Nikamwambia tena hapana, na sauti yangu haikuwa imara vile naiandika hapa.

Mathe alikuwa amesikia kila kitu kutoka jikoni. "Hiyo ni karo ya mtoto," aliniambia. "Si ungeenda polepole tu?" Sikuwa na jibu tamu. Nilimwonyesha silinda za breki zikiwa zimelala kwenye gazeti. Akazitazama, akarudi jikoni, na kwa siku mbili tulisalimiana tu. Karo ya dada ililipwa kwa kuuza mbuzi wawili wa guka. Mbuzi wale hawarudi, na sitajifanya kwamba video moja ya maneno mazuri inawalipa. Lakini ndani ya hiyo gari angekuwa binti ya watu, na wasimamizi wake, na mimi kwa usukani.

Jioni ile guka alikuja mpaka kwenye gari na kibakora chake. Aliniambia kwamba wakati wa matatu, kila asubuhi kabla ya abiria kupanda, alikuwa anakanyaga pedeli mara tatu gari ikiwa imesimama, kisha anainama kuangalia kama kuna magurudumu yenye unyevu kwa ndani. Abiria hawakuwahi kumwona akifanya hivyo. Walikuwa wanaangalia kama gari imeoshwa.

Breki za nyuma zilikamilika. Wiki jana tuliijaribu kwenye barabara ya changarawe, polepole, na mathe akakaa safu ya kati amejifunga mkanda. Ilisimama mstari ulionyooka. Bodi bado ni ya kijivu cha praima, na dada anasema inafanana na jeneza la mabati.

Kwa hivyo, kama kuna gari imelala ushago kwenu na umeanza kuota, usianze na katalogi ya rangi. Kwanza tafuta logibuku, uone iko kwa jina la nani, maana unaweza kufufua gari ambayo kisheria si yenu. Ongea na mwenyewe akiwa bado yuko. Kisha chukua bisibisi, inua zulia, udunge sakafu taratibu kutoka mbele hadi nyuma, uandike kila shimo kwenye daftari. Hiyo orodha ndiyo itakwambia kama una mradi au una chuma cha kuuza kwa kilo. Na yote mawili si aibu.