Kununa na Kususa

Kazi ya kufundisha lugha yetu ina hatari zake, nayo moja ilinipata darasani, chaki ingali mkononi.

Siku ile nalikuwa nikifundisha maneno yaliyo kinyume: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Nalieleza ya kuwa hata uso hukunjwa na kukunjuliwa, ndiyo maana mtu wa furaha huitwa mkunjufu. Mtoto mmoja akasimama, akauliza kama basi kinyume cha kununa ni kununua. Darasa zima likacheka, nami nikacheka pamoja nao. Walakini mtoto yule alikuwa amegusa kweli: aliyekunja uso aweza kuukunjua, bali aliyenuna hana neno kama hilo la kumtoa alimo.

Nikaona heri tuendelee na neno lile lile. Nikawaambia walitie katika kauli ya kutendea, wakajibu vema, "Nunia." Nikataka mfano. Mwana wa kaka yangu, ambaye kwa desturi hasemi mengi, akanyosha mkono, akasema, "Baba mdogo amemnunia baba."

Hakuna aliyecheka. Kijiji chetu, kilicho upande wa Muheza, ni kidogo, na kila mtoto alijua baba mdogo huyo ni nani.

Mimi nalidhani hakuna ajuaye. Kaka yangu aliuza machungwa ya shamba la marehemu baba, ya msimu mzima, asiniambie neno, akanunua mabati ya nyumba yake. Sikugombana naye, wala sikumshitaki kwa wazee. Nalinyamaza, na kimya kile nalikihesabu kuwa ni uvumilivu wa mtu aliyesoma. Aliponiletea salamu, nalizijibu. Aliponiita kula, nalisema nimeshiba. Alipoleta kikapu cha machungwa kwa mkono wa mwanawe, nalikirudisha kwa mkono ule ule. Ndivyo tulivyokaa tangu mavuno hata michungwa ilipochanua tena.

Jioni ile nalikwenda kwa shangazi yetu, nikitumaini ataniunga mkono. Shangazi hakuingia shule hata siku moja, lakini maneno anayo. Nikamwambia ya kuwa mtoto amenisingizia mbele ya darasa, kwani mimi sikununa. Akaendelea kupeta mchele wake, kisha akasema, "Kweli, mwanangu, hukununa. Kununa ni kwa uso, na uso wako ulikuwa laini siku zote. Wewe umesusa."

Neno lile lilinikalia usiku kucha. Kununa hakuna siri: mtoto aliyenuna hubinua midomo, hufura mashavu kama andazi katika mafuta, na mara nyingi ukimwita kula amekwisha sahau. Mwenye kunung'unika naye twamsikia, hata akisema chini chini. Kusonya ni sauti moja tu, nayo yatosha kuvunja urafiki wa miaka. (Kwangu nyumbani nimekataza kusonya, mke wangu asema anayeivunja amri hiyo kwanza ni mimi.) Lakini kususa ni jambo jingine. Mwenye kususa hukataa kilicho chake, tena akipendacho, ili yule aliyempa aumie. Watu wengine husema kuzira. Hujinyima yeye kwanza, na kwa sababu anajinyima hujiona mwema. Mimi napenda sana machungwa.

Nikamkumbuka mfalme Ahabu, aliyenyimwa shamba la mizabibu la Nabothi wa Yezreeli. Hakupiga kelele, wala hakutuma askari. Alijilaza kitandani, akageuza uso wake, akakataa chakula, mfalme mzima. Aliyeuliza ni mkewe, na aliyeandika zile barua za kumwua Nabothi ni mkewe. Ahabu alisusa tu. Hapo ndipo nalipoona aibu, maana mikono yangu nayo ilikuwa safi. Aliyebeba kikapu kwenda na kurudi ni mtoto wa miaka kumi, ambaye hakula chungwa hata moja katika hayo wala hakuambiwa kosa lake.

Jumamosi nikaenda. Kaka yangu alikuwa barazani akishona mkeka uliofumuka. Nikamwambia wazi kwamba lile jambo la machungwa liliniuma. Akakaa kimya kitambo, kisha akajibu ya kuwa alijua, naye alikuwa akingoja nimwulize. Nami miezi yote hiyo nalikuwa nikingoja aniambie. Kwa hiyo mfano wa mwanawe ulikuwa na upungufu kidogo, nami kama mwalimu ingefaa niusahihishe: haikuwa kununia, ilikuwa kununiana.

Fedha za machungwa hazikurudi, wala sisemi ya kuwa nalipendezwa kuyatazama yale mabati. Tumepatana tu kwamba msimu ujao hatauza mpaka tumekaa pamoja na shangazi. Ulipoletwa ugali na kisamvu, sikusema nimeshiba. Mtoto akaja na birika kutunawisha, akaanza na baba yake, akaja kwangu. Akamimina maji polepole, huku amenitazama usoni kama asomaye ubao.