Mtego wa Panya

Wahenga walinena: mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Maana yake niliielewa barabara nilipoishi Namuwongo, Kampala, karibu na mfereji wa Nakivubo, ambako panya hawaishi kuzaana.

Jioni moja nilinunua sumu kwa mchuuzi; pakiti haikuwa na jina wala maelezo. Niliichanganya na dagaa, waitwao huko mukene, nikaiweka nyuma ya mlango. Panya hakufa. Aliyekufa ni paka wa jirani. Asubuhi hiyo hiyo nilimkuta mtoto wa jirani huyo, aliyeanza kutambaa, ameketi kizingitini pangu. Mungu alimnusuru, mimi sikuwa na hoja ya kujitetea.

Fahamu basi: sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na dalili huchelewa kwa siku kadhaa. Mtoto aliyeila aweza kuonekana mzima. Usimtapishe, mpeleke hospitali mara moja, pamoja na pakiti yenyewe. Paka naye hudhurika kwa kumla panya aliyekula sumu.

Siku hizi naziba matundu kwa waya wa kusugulia sufuria, kwani kipanya hupenya upenyo wa milimita 6 tu. Unga nauhifadhi katika kopo lenye kifuniko. Mtego nautega mahali mkono wa mtoto usipofika. Na takataka hatuzitupi tena mferejini, maana panya wa mtaa hatambui mpaka wa nyumba. Je, mtaani kwenu mwafanyaje?