Profesa wa Buswahili: askari aliyefundisha kimombo Msumbiji kabla ya kutulia

Ukifika kata ya Buswahili, wilayani Butiama, kule Mto Mara unakotawanyika kwenye mafunjo kabla ya kuingia Ziwa Victoria, ulizia tu kwa Profesa. Hata mtoto wa darasa la pili atakupeleka. Ila usitegemee kukuta nyumba iliyojaa vitabu mpaka darini. Utamkuta mzee wa miaka sabini na ushee, kandambili mguuni, anahamisha mbuzi kivulini. Jina kapuni, maana mwenyewe hapendi makuu.

Uprofesa wenyewe una kichekesho chake. Miaka ya tisini aliandika barua nyumbani kutoka Quelimane, Msumbiji, akasema huku watu wananiita "professor". Kwa Kireno mwalimu yeyote ni professor, hata wa chekechea. Kijijini nani alijua hilo? Barua ilisomwa kwa sauti, shangwe zikapigwa, na mama yake akaanza kukaa viti vya mbele kwenye harusi za watu. Mpaka leo jina halijamtoka.

Lakini kabla ya uprofesa kulikuwa na bunduki.

Amin alipoivamia Kagera Oktoba 1978, jamaa alikuwa kijana wa miaka ishirini na nne, tayari yumo jeshini. Alivuka mpaka na wenzake, na kati yao alikuwepo rafiki yake wa utotoni. Walikuwa wa kijiji kimoja, wamechunga ng'ombe pamoja na kuandikishwa jeshi siku moja. Masaka ilipotekwa walikuwa wote. Kampala ilipoanguka Aprili 1979, mmoja hakuwepo.

Jeshi lilipeleka taarifa nyumbani kama inavyotakiwa. Ila taarifa ni karatasi tu. Likizo yake ya kwanza, mama wa rafiki yake alikuja kumsalimia. Alimpa mkono, akampa pole ya vita, halafu macho yake yakapita juu ya bega la kijana kuelekea barabarani, kama vile kuna mtu mwingine anateremka kwenye basi. Hakuuliza kitu. Na kijana hakusema kitu, wakati yeye ndiye alikuwa jirani na mwenzake siku ile mpaka mwisho.

Kesho yake alifunga begi. Likizo ilikuwa bado na wiki mbili.

Tangu hapo nyumbani kukawa mahali pa kupita tu. Mwaka 1987 akapelekwa Msumbiji na wanajeshi wetu waliokwenda kuisaidia serikali ya FRELIMO dhidi ya RENAMO, huko Zambezia kwenye minazi mingi. Waliporudi mwishoni mwa 1988 hakukaa muda mrefu jeshini. Akapangisha chumba Musoma mjini, akafanya vibarua vya hapa na pale. Kutoka Musoma mpaka kwao ni safari ya asubuhi na kurudi jioni, lakini alikuwa anapitisha hata mwaka hajaonekana. Mama yake akimtafutia mchumba, yeye anatafuta kisingizio.

Basi, Oktoba 1992 FRELIMO na RENAMO wakasaini amani kule Roma. Umoja wa Mataifa ukaingia Msumbiji na magari yake meupe, na ghafla kila kijana akataka kuwa dereva, mlinzi au mkalimani. Kazi zote hizo zinadai ung'eng'e. Nchi inaongea Kireno, lakini majirani zake wote wanatumia Kiingereza. Rafiki mmoja wa Quelimane, mpiganaji wa zamani aliyejifunza Kiswahili alipokuwa mafunzoni Nachingwea, akamwandikia: njoo, huku kuna kazi.

Mtanzania kwenda nje kufundisha Kiingereza! Wakenya wangesikia wangecheka mpaka waanguke. Chake kilikuwa cha kidato cha nne, ila kilikuwa kimenyooka, na kambini aliwahi kuwafundisha askari wenzake kisomo miaka ile taifa zima lilipokuwa linapambana na ujinga. Alijua kumfundisha mtu mzima bila kumwaibisha. Ubao ulikuwa mbao iliyopakwa rangi nyeusi, darasa lilikuwa ua wa nyuma wa duka. Ada ililipwa kwa pesa, na pesa zikikata, kwa nazi.

Alipendwa. Asubuhi akipita mtaani, watu wa baiskeli wanamwita, "Bom dia, professor!" Hakuna aliyejua mama yeyote wa Buswahili. Mwaka 1995 Msumbiji ikaingia Jumuiya ya Madola, wanafunzi wakaongezeka, naye akajiambia hapa ndipo nitazeekea.

Mpaka siku ya somo la wakati uliopita. Kila mwanafunzi alitakiwa aseme alikuwa nani kabla: I was a farmer, I was a student. Ikafika zamu ya kijana mmoja wa nyuma, mkimya, aliyeingizwa msituni na wapiganaji akiwa mtoto. Akasimama, akasema, "I was a soldier." Vizuri, kaa. Hakukaa. Akauliza kwa Kireno, "Professor, hiyo was ina maana kwamba imeisha kweli?"

Darasa likanyamaza. Mwalimu akafuta ubao, akasema muda umekwisha. Usiku huo hakulala.

Aliendelea kufundisha miaka kadhaa na swali hajalijibu. Kisha tarehe 14 Oktoba 1999 redio ikatangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London. Kwa mtu wa Butiama aliyekwenda vitani kwa amri ya Mwalimu, huo ulikuwa msiba wa nyumbani. Akafunga darasa, akashika njia ya Malawi, Mbeya, na mabasi yasiyohesabika. Alifika Butiama siku tatu baada ya mazishi, udongo bado mbichi. Alisimama pale, akapiga saluti, akaondoka.

Hakwenda kwanza kwa mama yake. Alikwenda kwa mama wa rafiki yake.

Bibi alikuwa amezeeka, macho hafifu, lakini sauti aliitambua. Akaketi kwenye kigoda, akamweleza siku ile yote tangu alfajiri. Bibi alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, aliuliza kitu kimoja tu.

"Alikuwa amekula?"

"Ndiyo, mama. Tulikula ndizi asubuhi. Nilimpikia mimi."

"Haya. Asante, mwanangu. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Miaka ishirini alidhani macho yale barabarani yanamtafuta aliyekufa. Kumbe yalikuwa yanamsubiri aliye hai.

Msumbiji hakurudi. Mwaka uliofuata alioa mama mmoja muuza samaki wa Mwigobero, Musoma, mjane mwenye watoto wawili, ambaye kabla ya kukubali alimwambia peupe, "Sitaki profesa, nataka mtu anayelala nyumbani." Siku hizi jioni anawafundisha watoto wa jirani kimombo chini ya mwembe, bure. Akifika kwenye wakati uliopita anaanza na sentensi yake mwenyewe, kwa sauti kubwa, bila kufuta ubao.

Na kabla bibi yule hajafariki, alimpeleka Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile. Walizunguka ziwa kwa basi, bibi amebeba ndizi mbivu kwenye kikapu. Hakumruhusu mtu kuzigusa njia nzima.