Kabla Injini Haijapata Moto

14 Juni 2025, Gitega
Nimerudi mikono mitupu. Subaru Forester ya turbo niliyoifuata Nyamugari niliikuta imeshawashwa, imeoshwa, inanguruma vizuri mno. Mwenyewe alisema amenipunguzia kazi. Jioni nilipomsimulia fundi, aliuliza swali moja tu: "Mdogo wangu, boneti uliigusa?" Niliigusa, ilikuwa ya moto. "Basi umemkuta mgonjwa ameshameza dawa ya maumivu." Nahitaji gari. Mama yuko Muyinga, matibabu yake yako huku, na kila safari tunaomba lifti. Lakini sitanunua gari nisilolisikia likiamka.

17 Juni, Gitega
Asubuhi nzima garajini, najifunza kusikiliza injini. Baridi ya Juni kwenye milima hii inafaa kwa kazi hiyo: injini zinaamka na kasoro zao zote. Fundi alinipa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Ulimwengu mwingine kabisa.

Niliyoyashika:
Pistoni zilizolegea hugonga juu juu wakati wa baridi, kisha hupungua injini ikipata moto. Hapo bei inazungumzika.
Beringi za krenki zikiisha, mlio wa kugonga ni mzito, unatoka chini, unafuata mguu wako kwenye mafuta. Moto ukiilainisha oili ndipo unazidi. Hapo shukuru, uondoke.
Turbo nzima hupiga mluzi mwembamba. Mhimili wake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, umeshikiliwa na utando wa oili tu. Ikilia kama king'ora au kukwaruza, ilishawahi kunyimwa oili.
Na ile bub-bub ya Subaru za turbo za zamani, niliyodhani ni silinda iliyokufa, inatokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu. Gari zima huunguruma hivyo.

20 Juni, Muyinga
Nimelala kwa shemeji ili nifike alfajiri. Forester ya 2004, imeingilia mpaka wa Kobero. Nilitoa salamu mkono ukiwa juu ya boneti: baridi, ina umande. Mzee mwenye gari akacheka, akanipa ufunguo.
Ikashika mara moja. Tok-tok nyepesi upande wa kushoto, kama sekunde arobaini, ikapotea. Bisibisi haikusikia kitu chini. Nikaiacha ingurume dakika kumi, nikakanyaga ghafla huku mtoto wake akitazama ekzosi: hakuna moshi wa bluu. Tukafungua bomba la hewa, nikautikisa mhimili wa turbo kwa vidole. Uchezaji kidogo wa pembeni, wa kwenda mbele na nyuma hakuna.
Kisha kilimani, gia ya tatu, mguu chini: kokoto zinatikiswa ndani ya kopo. Moyo ukanianguka. Mzee akasema tangi lina petroli ya dumu, aliyoinunua njiani. Hii turbo Wajapani waliitengenezea petroli ya oktani ya juu. Ikipewa hafifu, mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla ya wakati wake na kuzigonga pistoni. Inawezekana anasema kweli. Inawezekana pia pistoni zimeshapasuka kwa hiyo hiyo petroli.

21 Juni, Muyinga
Tumemwaga petroli ile ya tangini, tukapanga foleni ya petroli tangu saa kumi na moja alfajiri. Saa saba mchana tukapata lita ishirini. Mzee alikaa nami foleni nzima, hakulalamika, na hilo nimelihesabu pia.
Kilima kilekile, gia ileile, dirisha wazi. Mluzi ukapanda, mwembamba, ukashuka nilipoachia. Nimerudia mara tatu. Kokoto hazikusikika.
Kabla ya kuizima niliiacha ingurume dakika mbili, turbo ipoe na oili ikipita. Mzee akaniangalia, akasema, "Sasa naona gari linaenda kwa mtu."
Nimelipa arubuni. Kesho mama anakaa mbele.