Bakuli la Uji Mchikichini

Ndugu msomaji, kwenu uji ni chakula cha nani? Kwetu Matombo, milimani Uluguru, uji ni wa watoto, wa wagonjwa na wa mama aliyejifungua. Mwanamume mzima akionekana ameshika bakuli la uji, majirani humwuliza, "Je, u mgonjwa?" Nami niliamini hivyo mpaka mwaka 2022, nilipofundishwa mjini na mama mmoja ambaye hata jina lake sikupata kulijua.

Yakupasa kujua kwanza kilichonipeleka. Kijana wangu alikuwa akiuza viatu vya mitumba katika soko la Mchikichini, Dar es Salaam, ambalo wengi huliita Karume. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 16 Januari mwaka ule, moto ukaliteketeza soko hilo. Asubuhi akanipigia simu: "Baba, mimi ni mzima, lakini mali yote imekwisha." Tangu hapo akawa mzito wa kupokea simu. Basi nikauza mbuzi wawili, nikapanda basi, na moyoni nilikuwa nimekwisha kata shauri: nitamrudisha nyumbani akalime, atake asitake.

Nilimkuta Kariakoo anasukuma mkokoteni. Jina hilo la Kariakoo, msomaji, latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikitumia katika vita ya 1914 mpaka 1918. Nilipomwona mwanangu anatweta nyuma ya magunia ya watu, nikajisemea kwamba mahali hapa palipewa jina la wapagazi, na mwanangu naye amekuwa mpagazi. Uchungu ukanishika. Lakini giza lilikuwa limekwisha ingia, nikalala chumbani kwake bila kusema neno.

Saa kumi na moja alfajiri akaniamsha. "Shikamoo, baba. Twende tukafungue kinywa." Tukaenda mpaka Mchikichini, kando ya barabara, penye mabenchi mawili na majiko matatu ya mkaa. Mama wa kazi hiyo mjini huitwa mama ntilie, kwa sababu kila anayeketi husema, "Mama, nitilie!" Siku hizi wengi husema mama lishe.

Jiko la kwanza lilikuwa na sufuria kubwa ya uji wa ulezi. La pili lilikuwa na mihogo iliyopikwa kwa nazi. La tatu lilikuwa na chuma cha vitumbua, chenye vishimo vya mviringo, na mafuta yakichemka ndani yake. Pembeni palikuwa na maharage, na kibakuli cha chachandu yenye pilipili kali. Wewe mama unayesoma wajua kazi ya vitumbua: mchele hulowekwa, husagwa, huchanganywa na tui, sukari, iliki na hamira, kisha huachwa uumuke. Maana yake anayeuza alfajiri ameanza kazi tangu jana.

Nikamnong'oneza mwanangu, "Mimi si mgonjwa." Mama akasikia, akacheka. "Karibu, baba. Hawa wote unaowaona hawaumwi. Wanakwenda kubeba mizigo mpaka jua lizame. Uji hushika tumbo, na kitumbua huusindikiza."

Nikanywa. Nikauma kitumbua, nikashushia uji. Nikachovya muhogo katika chachandu, pilipili ikaniwasha, uji ukanipoza. Bakuli la pili niliomba mwenyewe.

Hapo nikaanza kutazama. Wachache walilipa. Wengine walisimama wakisema, "Mama, tutaonana Jumamosi," naye akaitikia kwa kichwa. Mwanangu naye akasimama hivyo hivyo. Nikaona haya, nikatoa fedha za mbuzi. "Mama, kijana huyu unamdai kiasi gani?"

Hakuniangalia, aliendelea kukoroga. "Baba, hilo ni la mimi na yeye. Atalipa mwenyewe. Wewe nilipe uji wako tu."

Njiani mwanangu akanisimulia. Baada ya moto, wengi waliounguliwa hawakuwa na hata senti ya chai. Mama yule alipika kama siku zote, akawaambia, "Kuleni, mtanilipa mkipata." Naye si tajiri, mkaa na unga ananunua kila siku. "Baba," akasema, "nikiondoka leo nitakuwa nimemwibia."

Nikanyamaza. Mimi nilikuja kumwondoa katika aibu, kumbe yeye alikuwa akilinda heshima yake, na mama wa uji alikuwa akimsaidia kuilinda.

Tena liko jambo lililonichoma zaidi. Mwaka uliotangulia binti yangu aliniomba mtaji mdogo auze uji na vitumbua siku za gulio. Nilimkatalia kwa ukali. Nilisema mtoto wangu hatachuuza uji barabarani kama mtu asiye na kwao. Basi nusu ya fedha za mbuzi nikamwachia kijana aanze tena na viatu vichache. Nusu nikairudisha nyumbani, nikampa dada yake. Sikusema mengi. Nilimwambia, "Nunua chuma cha vitumbua, mwanangu. Nilikosa."

Leo anauza kila siku ya gulio. Faida si kubwa, na wapo wanaochelewa kulipa. Mimi hukaa benchi la mbele, bakuli mkononi, majirani wakiniona. Wakiniuliza kama ni mgonjwa, huwajibu kwamba nilikuwa mgonjwa, nikapona Mchikichini.

Nawe, ndugu msomaji, usidharau kazi ya mkono inayokulisha. Na kama una deni la uji mahali popote, lilipe kabla ya Jumapili.