Mtafsiri Aliyetusikia

Katika miaka ya 1990 Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ulikuwa mji wa kungoja. Malori yaliyotoka bandari ya Mombasa na shehena za Kampala, Kigali na Goma yalijipanga kutoka lango la forodha kurudi nyuma, na madereva walikaa hapo hadi karatasi zao zigongwe muhuri. Siku iliisha, usiku ukapita, na lori halijasogea. Gesti, hoteli za matoke, wauza omena na wabadilisha pesa walikula kutokana na subira hiyo. Vibanda vya video navyo vilikula hapo hapo.

Kibanda cha mtaani kwetu kilikuwa cha mabati. Ndani mlikuwa na fomu za mbao, televisheni moja juu ya meza ndefu, deki ya VHS, na nailoni nyeusi iliyoziba kila upenyo wa mwanga. Watoto tulikaa chini kwenye vumbi, mbele kabisa, shingo tumezielekeza juu. Kanda zilikuwa zimechoka kwa kunakiliwa: Commando ya Arnold Schwarzenegger ya mwaka 1985, Rambo, sinema za Bruce Lee na za Kihindi. Sura za watu zilitetemeka na rangi zilikuwa zimefifia. Na waliokuwa wakisema kwenye kanda hizo walisema lugha ambazo wengi wetu hatukuzijua.

Tuliojazana mle tulikuwa Wateso na Wabukusu, Wasamia waliopanda kutoka Busia, Wajaluo, Waganda waliovuka daraja jioni, na madereva wa Pwani. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, na mwenye Kiswahili alikuwa mtafsiri. Alikaa kando ya televisheni, maikrofoni mkono mmoja, mkono wa pili kwenye kimashine cha kuchanganyia sauti. Mwigizaji akifungua mdomo, aliishusha sauti ya kanda na kuipandisha yake. Bunduki zikilia, aliiachia kanda ingurume. Ujuzi wake ulikuwa katika kujua sekunde ya kunyamaza. Kilichosemwa na Mmarekani kwa dakika nzima alikimaliza kwa maneno manne, na muda uliobaki akautumia kutueleza yule adui ni mtu wa namna gani, alimdhulumu nani, na kwa nini mwisho wake umekaribia.

Hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Ng'ambo ya mto, Kampala, ufundi huu ulikuwa umeshika tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ukaja kuzaa majina kama VJ Jingo, aliyesimulia kwa Kiganda. Tanzania ilikuwa na Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, na Kenya baadaye ikampata DJ Afro. Lakini hao wengi wetu tuliwasikia kwenye kanda na diski. Wa kwetu tulimsikia akiwa hai, akimeza mate, akikohoa vumbi letu.

Naye alitusikia. Hili ndilo ninalotaka kulisema kuhusu kibanda kile.

Spika ya pili ilitundikwa nje, juu ya mlango, kuvuta wateja. Chini yake shangazi yangu aliuza chai na mandazi. Hakuwahi kuingia ndani, maana jiko halikuachwa. Sinema zote alizijua kwa masikio, na alikuwa na la kusema juu ya kila moja. Siku ya Commando, yule baba alipokuwa anamtafuta bintiye aliyetekwa, mtafsiri alikuwa amekwisha kuihamishia hadithi mpakani, na sasa baba alikuwa anakaribia Malaba. Shangazi akapaza sauti kupitia mabati, "Mwambie apitie njia ya panya!" Ndani tulicheka. Mtafsiri hakucheka. Alisema kwa sauti ile ile ya simulizi, "Mama Chai ameshaona. Barabarani kuna askari, mzee huyu sasa anakata kona, anapita njia ya panya." Na kweli, kwenye kioo, Schwarzenegger akawa anapenya kichakani. Kibanda kililipuka kwa makofi.

Tangu siku hiyo kila mtu alitaka kuitia sinema mkono wake. Dereva wa Mombasa alimsahihisha mtafsiri Kiswahili chake, na onyesho la jioni likatoka na neno jipya lililonyooka. Wateso walidai mzaha wa Kiteso wakapewa. Watu waliilipia kanda ile ile mara nyingi kwa sababu hawakuiona ile ile. Picha haikubadilika hata kidogo, ila sauti iliyoifunika ilizaliwa upya kila jioni, kulingana na nani amekaa kwenye fomu na nani anakaanga mandazi nje.

Nimesoma baadaye kwamba kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliendesha jaribio la sinema za elimu katika Afrika Mashariki na Kati, wakizungusha lori la maonyesho vijijini. Maelezo ya lugha za wenyeji yalirekodiwa kwenye sahani za santuri. Kwa hiyo kusikia sinema ikisema kilugha si jambo jipya kwetu. Lakini santuri iliwaambia wakulima namna ya kulima bila kuweza kusikia mkulima akijibu. Mtazamaji hawi mshiriki kwa kuwa tu ameambiwa kwa lugha yake. Huwa mshiriki pale anayesema anapoweza kugeuzwa na anachosikia.

Redio ililijua hilo kwa njia yake. Nyumbani tulisikiliza KBC, iliyokuwa VOK hadi mwaka 1989, na majirani walinunua kadi za salamu, wakaandika majina ya ndugu kwa mwandiko mzuri na kuzituma Nairobi. Kadi ilisafiri siku nyingi. Lakini jina la mtu wa Adungosi liliposomwa hewani, nchi nzima ilijua kwamba mtangazaji amesikia. Jibu lilichelewa, ila lilikuja.

Miaka ya 2000 ilipoingia, deki iliondoka, zikaja VCD na DVD. Sinema sasa ziliwasili zikiwa zimeshatafsiriwa, sauti ya msimuliaji wa mbali imechomwa ndani ya diski. Mwenye kibanda hakuwa tena na sababu ya kumlipa mtu wa kukaa kando ya televisheni. Wasimuliaji wale wa diski walikuwa mafundi, pengine kumshinda wa kwetu. Shangazi aliendelea kupaza sauti kupitia mabati, nasi tukaendelea kucheka. Hadithi haikugeuka. Msimuliaji alipita juu ya maneno yake akaendelea na yake. Polepole shangazi aliacha kusema, kisha nasi tukaacha.

Ninaipenda Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwaka 2010 aliyoitengeneza Isaac Nabwana kule Wakaliga, Kampala. Sauti ya VJ Emmie inasikika ndani yake mwanzo hadi mwisho, ikimshangilia shujaa na kumchochea mtazamaji. Dunia ilimpenda kwa hilo, na ni haki yake. Mimi nikimsikia natambua heshima kubwa: kibanda kimetiwa ndani ya filamu. Lakini natambua pia kwamba VJ Emmie anatuchochea bila kujua tumejibu nini.

Foleni nazo za mpakani zilianza kupungua. Mwaka 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambako lori husimama mara moja kwa taratibu za nchi zote mbili. Simlilii mtu aliyekuwa akilala chini ya lori. Hata hivyo tulipoteza hadhira iliyokuwa na muda, na leo dereva anayengoja hutazama simu yake, peke yake, masikioni ametia vidude.

Ila simu, tofauti na diski, inaweza kusikia. Nimeona harusi pande za Amagoro zikirushwa moja kwa moja kwa ndugu walioko ughaibuni. Penye mshereheshaji anayesoma kwa sauti ujumbe unaoingia, wapigaji wa akogo, ala ya muziki ya Wateso, hulidaka jina la aliyeko Doha na kulitia katika wimbo, na aliyeko Doha huandika tena. Pasipo mshereheshaji huyo, ujumbe hupanda kiooni na kupotea, na harusi huwa video tu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandaa matamasha, vipindi na sherehe mpakani kwetu ni moja. Mkishanunua kamera na spika, tengeni fedha za mtu wa kusikiliza, na mpeni ruhusa ya kuligeuza onyesho. Shangazi yangu hakuhitaji hata kuiona sinema. Alihitaji mtu mwenye maikrofoni amsikie, naye akawa mtunzi.